Paswedi moja kila mahali: ukihisi akaunti yako imeingiliwa, anza hapa

Kama umefika hapa usiku huu kwa sababu kuna meseji imeingia ina namba za uthibitisho ambazo hukuziomba, au rafiki kakupigia anauliza kama kweli una shida ya laki mbili za haraka, usisome yote. Shuka moja kwa moja mpaka nilipoandika SAA YA KWANZA, fanya yale, alafu urudi huku juu ukiwa umetulia.

Wengine tukae kidogo. Mama yangu mdogo anauza vitenge Moshi na biashara yake karibu yote iko Instagram. Siku moja saa tano usiku ananipigia analia, hawezi kuingia kwenye akaunti, na wateja wake wanapokea meseji kwa jina lake kwamba mzigo mpya umeingia, tumeni advansi kwenye namba hii. Mpaka kunakucha watu wanne walishatuma, jumla laki sita na kitu, na wale watu hawamdai mwizi, wanamdai yeye. Pale nyumbani kila mtu anasema kadukuliwa na watu wenye mitambo mikubwa huko mbali. Mi nikamuuliza swali moja tu, mama hii paswedi ya Instagram umeitumia wapi pengine? Akanyamaza, alafu akasema, "Mwanangu mi nina paswedi moja tu, tangu nimeanza kushika simu."

Paswedi yenyewe ilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Miaka kadhaa nyuma alijiandikisha kwenye tovuti moja ya mishono ya nguo ili aone picha, akaweka imeili yake na paswedi hiyohiyo, akasahau kabisa kama aliwahi kufika huko. Ile tovuti ikaibiwa orodha yake ya watu. Ndo ukweli ninaotaka uushike: mara nyingi sana hakuna mtu aliyekaa akakisia paswedi yako. Ilishavuja zamani, sehemu ndogo usiyoikumbuka, na mwizi anayo orodha yenye imeili na paswedi za mamilioni ya watu, ana programu inayojaribu kila jozi kwenye Gmail, Facebook, Instagram, benki, kila mahali, bila yeye kugusa kitu. Ukiwa na paswedi moja, tovuti dhaifu kuliko zote ulizowahi kujiandikisha ndo inakuwa mlango wa nyumba yako yote.

Na usidhani hii ni shida ya kina mama wa vitenge tu. Mwaka 2012 LinkedIn iliibiwa, mwanzoni zikaonekana paswedi kama milioni 6.5 tu, watu wakaona yameisha, kumbe mwaka 2016 orodha yenye imeili na paswedi milioni 117 ikaanza kuuzwa. Paswedi zile zilikuwa zimehifadhiwa kwa njia ya kugeuza neno kuwa hashi, yaani mlolongo wa herufi na namba usiosomeka, ila hawakuweka kile wataalamu wanachoita chumvi, kitu cha nasibu kinachoongezwa kwenye kila paswedi kabla haijageuzwa. Bila chumvi watu elfu kumi wenye paswedi moja wanatoa hashi moja, ukiifungua ya mmoja umewafungua wote. Mwaka huohuo wa 2012 Dropbox nao wakaingiliwa, kisa kikiwa mfanyakazi wao mmoja aliyetumia paswedi ambayo ilishaibiwa kwenye tovuti nyingine, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 68 zilitoka. Mrusi mmoja, Yevgeniy Nikulin, alikamatwa Prague 2016 na mwaka 2020 mahakama ya San Francisco ikamfunga miezi 88 kwa kuingilia kampuni hizo. Mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta, anayelipwa kwa kazi hiyo, alirudia paswedi. Kwaiyo usione aibu, ila usikae hivohivo.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha 23andMe, ile kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, mwaka 2023. Wezi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 tu kwa paswedi zilizorudiwa, ila kwa kuwa kila akaunti inaonyesha ndugu wa damu waliounganishwa nayo, wakaondoka na taarifa za watu milioni 6.9. Wengi wao hawakurudia paswedi yoyote, waliponzwa na ndugu. Na huku kwetu ni vilevile, mwizi akiingia kwenye akaunti yako anayekuja kulizwa ni shangazi yako na watu wa kikundi chenu cha vikoba, sababu wanaliamini jina lako.

SAA YA KWANZA

Shika simu yako mwenyewe, ile ya kila siku, na uwe sehemu uliyozoea kuingilia mtandaoni, nyumbani au kazini. Usikimbilie saiba, yaani kompyuta za kulipia intaneti, wala kompyuta ya jirani, kwanza hujui ndani yake kuna nini, pili Google ikiona unakuja na kifaa kigeni kutoka mahali pageni itakushuku wewe ndo mwizi na kukugomea.

Anza na imeili. Sio Instagram, sio Facebook, imeili. Najua moyo unakimbilia pale moto unapowaka, ila fikiria, ukibadili paswedi ya Instagram na mwizi bado kakaa ndani ya imeili yako, ye anabonyeza tu "nimesahau paswedi", linki inakuja kwenye imeili, anaitumia, anaifuta, karudi ndani. Mtakimbizana hivo mpaka alfajiri na yeye hachoki.

Ukishaingia Gmail badili paswedi iwe mpya kabisa, sio ya zamani ukaongeza 1 mwishoni, hiyo 1 ndo kitu cha kwanza programu zao zinajaribu. Nenda kwenye akaunti ya Google, sehemu ya Usalama, angalia vifaa vilivyoingia, kila usichokitambua kitoe. Hakikisha namba ya simu na imeili ya kurejesha akaunti bado ni zako. Alafu kuna sehemu watu wanaisahau na inawaumiza wiki mbili baadae, nayo ni filta na kufowadi. Kwenye apu ya simu hazionekani vizuri, fungua Gmail kwa kompyuta yako au kwa brauza ya simu ukiweka muonekano wa kompyuta, ingia kwenye setingi, tafuta filta na anwani za kufowadi. Mwizi mjanja anaacha amri humo, kila kinachotoka benki kitumwe kwake, au kila onyo liende kwenye taka. Mama mdogo alikuwa na filta moja ambayo hakuiweka yeye, kila imeili yenye neno Instagram ilikuwa inafutwa kabla hajaiona, ndo maana hakupata onyo hata moja wakati vitu vyake vinabebwa.

Kama Gmail yenyewe imekataa, nenda g.co/recover na usikate tamaa kwa jaribio la kwanza. Hata kama mwizi kabadili namba ya kurejesha akaunti, Google inakuruhusu kutumia ile ya zamani kwa siku 7 tangu ibadilishwe, kwaiyo siku hizo 7 ni dhahabu, usisubiri mwisho wa wiki wala usisubiri mpwa wako anayejua kompyuta arudi kutoka chuo.

Baada ya imeili, laini ya simu. Kama mtandao umekata ghafla na wenzako wa kampuni hiyohiyo wanapata, kuna uwezekano mtu kaenda kutoa laini yenye namba yako. Azima simu, piga huduma kwa wateja waifunge, alafu uende ofisini kwao na kitambulisho. Ukiwa na laini yako mkononi piga *106# uone namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Walioko Kenya na Safaricom kuna *100*100# ya kuzuia laini yako isibadilishwe kwa wakala wa mtaani.

Pesa. Badili PIN ya pesa za simu na ya benki leoleo. Na tafadhali isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, mwaka wako wa kuzaliwa uko Facebook na watu wanakupongeza kila mwaka.

WhatsApp ukitolewa, weka namba yako upya kwenye apu, zitakuja namba sita kwa meseji, ukiziingiza tu mwizi anatoka hapohapo. Ikikuomba PIN ambayo hukuiweka wewe, basi mwizi kaiweka, itabidi usubiri siku 7 ndo uingie bila PIN, ila jua kwamba ye tayari yuko nje. Kama hukutolewa ila una wasiwasi, angalia vifaa vilivyounganishwa, huwa unakuta kompyuta ya mtu humo. Zile namba sita usimpe mtu yeyote, hata akikupigia kwa upole akisema ni wa huduma kwa wateja, hata kama meseji imetoka kwa rafiki yako wa damu, maana rafiki mwenyewe labda ameshaibiwa na anayeandika sio yeye.

Facebook nenda facebook.com/hacked, Instagram nenda instagram.com/hacked. Instagram ikibadilishwa imeili huwa wanatuma taarifa kwenye imeili ya zamani yenye njia ya kurudisha, itafute hata kwenye taka. Hapo ndo utaelewa kwa nini nilisema imeili kwanza.

Alafu waambie watu, na waambie kwa sauti, piga simu au rekodi sauti yako mwenyewe, maana maandishi hata mwizi anaandika. Piga skrinishoti za kila kitu kabla hujafuta, namba aliyokuwa anaomba pesa, saa, kiasi. Tanzania namba ya tapeli unaituma 15040, Safaricom Kenya unaituma 333, na kama pesa zimeshatoka nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, kampuni ya simu na benki watakuuliza hiyo.

Kujua ilivujia wapi

Ukishapumua, siku ya pili, fanya uchunguzi. Fungua haveibeenpwned.com, ni huduma ya bure iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, unaandika imeili yako na inakuonyesha imetokea kwenye uvujaji upi unaojulikana na nini kilitoka, paswedi au namba ya simu au jina tu. Andika imeili, usiandike paswedi yako kwenye tovuti yoyote inayodai itakukagulia, kwa kuwa matapeli nao wanatengeneza za namna hiyo. Ukikuta imeili yako haimo usishangilie sana, orodha nyingi zinazunguka kimyakimya kabla hazijafika pale.

Kuna kitu kingine kinawatisha watu mpaka wanaugua. Unapokea imeili inasema nimekurekodi kwa kamera ya simu yako ukifanya mambo ya faragha, na ushahidi kwamba nimeingia ni hii paswedi yako, kweli unaiona paswedi yako imeandikwa pale. Nipe bitkoini la sivyo nawatumia wote. Nimemwona kijana wa watu akitaka kuuza pikipiki ili alipe. Hana video yoyote, kaokota paswedi yako kwenye orodha zilezile za zamani na katuma barua moja kwa maelfu ya watu. Usilipe, usijibu. Ila chukua taarifa moja ya kweli iliyomo, hiyo paswedi imevuja, na popote bado unapoitumia pabadilishe leo.

Ukitaka siku nyingine umjue aliyekuvujisha, Gmail inakuruhusu kuweka alama ya kujumlisha na neno kabla ya alama ya @. Kama imeili yako ni juakali@gmail.com, kwenye duka la viatu jiandikishe juakali+viatu@gmail.com, barua zinakuja kwako vilevile, na siku ukianza kupata utapeli kupitia anwani hiyo yenye viatu unajua umetokea duka gani.

Sasa sio kila uvujaji unatoka kwenye tovuti, na hapa naomba niseme wazi maana nimeliona mno. Watu wengi imeili yao ya kwanza walifunguliwa steshenari, au saiba kwa wenzetu wa Kenya, siku ya maombi ya mkopo wa chuo au ya kazi. Kijana pale kakuwekea paswedi, mara nyingi ileile anayowawekea wateja wote ili asisahau, kaiandika kwenye daftari lake, na wewe miaka minane baadae bado unaitumia na umeshaunganisha benki. Simsemi vibaya, alikusaidia wakati huna pa kushika, lakini ile paswedi sio siri na haijawahi kuwa siri. Ibadilishe. Na vilevile ile simu uliyouza kwa fundi bila kutoa akaunti, fungua ile orodha ya vifaa, kama bado imo itoe.

Kuachana na paswedi moja bila kuchanganyikiwa

Watu wanashindwa kwa sababu wanaambiwa badili zote, wana akaunti sitini, wanachoka kwenye ya nne. Usifanye hivo. Leo badili tano: imeili, benki, mtandao mkubwa unaofanyia biashara, ile akaunti inayohifadhi picha na kontakti zako, na ile inayohusu serikali, kodi au chuo. Hizo tano kila moja na paswedi yake. Zingine zote utazibadili siku utakayoingia, umefungua duka la mtandaoni kununua kitu, kabla hujanunua badili. Ndani ya miezi mitatu zimeisha bila kuumwa kichwa.

Zitahifadhiwa wapi, maana kichwa hakiwezi? Apu ya kuhifadhi paswedi ndo njia bora. Kama una simu ya Android tayari unayo ya Google, inatunga paswedi ngumu, inaikumbuka, na ina ukaguzi unaokuonyesha zipi umezirudia na zipi zimevuja. Wa iPhone wanayo ya kwao. Bitwarden ni bure na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta yoyote, KeePass ni bure pia na inakaa kwenye kifaa chako bila intaneti. Faida moja ambayo watu hawaitaji, apu ya hivi inatambua anwani ya tovuti, ukipelekwa kwenye Facebook ya bandia haijazi paswedi, na huko kukataa kwake ni onyo ambalo macho yako yangelikosa.

Na kama apu huiwezi au anayekuja kukuomba msaada ni mzazi wako, daftari. Ndio, la karatasi. Wezi wa orodha hawafiki kabatini kwa bibi. Daftari lenye paswedi ishirini tofauti ni salama kuliko kichwa chenye paswedi moja, mradi lisikae mezani dukani na lisipigwe picha. Mama mdogo anaandika kwenye daftari lake la madeni, kurasa za nyuma, na hajakwama tena.

Paswedi za kukumbuka kichwani zibaki mbili tu, ya imeili na ya ile apu. Hizo tunga kwa maneno, na maneno yasichaguliwe na moyo wako. Moyo utakuletea jina la mtoto, timu, aya, au methali, na methali kila mtu anaijua, hata programu zao wanazilisha. Chukua kamusi, fumba macho, fungua, weka kidole, andika neno. Rudia mara tano. Utapata kitu kama kinu sabuni ngalawa pilau mzingo, hayo usiyatumie maana nimeshayaandika hapa, tafuta yako. Yaunganishe kwa alama ya kistari, jichoree picha kichwani ya hayo maneno, siku mbili umeyashika. Urefu ndo unaomchosha mwizi kuliko kuandika P@$w3di ambayo wewe mwenyewe utaisahau.

La mwisho la kufanya ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa pia namba za mara moja, ili hata paswedi ikivuja tena mwizi abaki mlangoni. Ikiwezekana usitumie meseji, maana laini inaibiwa, tumia apu kama Google Authenticator, inatoa namba sita mpya kila sekunde 30 na haihitaji bando wala mtandao, hata ukiwa kijijini inafanya kazi. Meseji ikiwa ndo uliyonayo, itumie, ni bora kuliko kukosa.

Kwa Google, hapohapo kwenye hatua mbili unaweza kuchukua namba za akiba kumi, kila moja inatumika mara moja tu, kwa siku utakayopoteza simu. Watu wanazipiga picha na kuziacha kwenye simu hiyohiyo, simu ikiibwa zimeondoka nayo. Ziandike kwenye karatasi kwa mkono. Za mama mdogo ziko kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja, na mwezi wa nne alipodondosha simu stendi alitumia ya kwanza, akarudi kwenye akaunti yake siku hiyohiyo kabla mteja hajajua kama kuna kilichotokea. Zimebaki tisa.